Viatu Vielekee Mlangoni

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama stesheni ya Liverpool Street nikingoja treni iliyochelewa, na karibu yangu mzee mmoja mwenye kiti cha kung'arishia viatu akafungua kopo. Harufu ikanijia puani. Dawa ya viatu, ile nyeusi. Wenzangu wakinusa udi au pilau hukumbuka kwao. Mimi hukumbushwa na kopo la dawa ya viatu, tena katikati ya stesheni, watu wanapita na kahawa zao mkononi. Nikajikuta naangalia miguu ya wanaume, mmoja mmoja, natafuta jozi ya viatu ninayoijua. Mambo ya kijinga kwa mwanamke wa umri wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulikaa Edmonton, huku huku London, ghorofa ya saba, katika flati ya kupanga ya kaunsili, serikali ya mtaa, ambayo lifti yake ilifanya kazi siku ikipenda. Baba yangu alikuwa dereva wa basi. Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri hutandika gazeti sakafuni, akakaa na viatu vyake vya kazi, akavipaka dawa, akavisugua kwa kitambaa mpaka ukiinama unaona taa ya dari ndani yake. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande, kwa sababu ya mguu anaokanyagia breki, alivyoniambia. Sijui kama ni kweli. Baba alikuwa na tabia ya kunijibu tu ili ninyamaze.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu katika nyumba ile. Mgeni akija, akavua viatu mlangoni akaingia ndani, mimi hutoka kimyakimya kwenda kuvigeuza, vidole vielekee mlangoni, ili wakati wa kuondoka mgeni atie miguu tu aende zake, asihangaike kuinama na kujigeuza mbele ya watu. Ni adabu ya kwao Unguja. Baba alilelewa nayo, na mimi niliyezaliwa hapa hapa London nikarithishwa. Shangazi yangu Zuwena, dada yake Baba, alikuwa akinitania kila akija: "Ebo! Hata chai sijanywa, mtoto ameshanifukuza!" Nami hucheka, nikavigeuza hivyo hivyo.

Baba alitoka nyumbani bila viatu. Kifua kilimbana asubuhi, wakaja watu wa ambulansi, wakamkalisha kwenye kiti chao chenye mikanda na kumtelemsha ngazi za ghorofa saba kwa mikono kwa sababu siku hiyo lifti haikupenda. Alikuwa na soksi za kijivu. Nilisimama mlangoni nikaona vidole vya soksi vikishuka vikipotea kwenye kona ya ngazi. Viatu vyake vilikuwa pale pale chini, vimeelekea nje, kwa sababu jana yake niligeuza vya kila mtu, na vyake pia.

Hakurudi. Sitaki kusema nililia, kwa sababu sikulia. Watu waliniangalia sana siku zile, nafikiri walikuwa wakingoja, lakini ndani yangu mlikuwa kimya, kimya cha chumba ambacho televisheni imezimwa. Nilikula nilichopewa. Nilikwenda kulala nilipoambiwa. Nilikuwa na miaka minane na nilijiona mtoto mwema kabisa.

Siku ya maziko, wanaume walikusanyika kwetu kabla ya kuondoka pamoja. Korido yetu ilijaa viatu mpaka mlango wa jirani. Nilivigeuza vyote. Halafu wanaume wakatoka, kila mmoja akatia miguu, na lundo lile likaisha mara moja, ikabaki jozi moja. Sisi wanawake tukabaki ndani. Nikamuuliza Shangazi wanampeleka wapi Baba, naye akasema, "Huko hatufiki sisi wanawake, mwanangu. Wanaume ndio wanaompeleka." Nikauliza pakoje. Shangazi akaanza kulia, basi nikaacha.

Jibu nililipata mwenyewe kwenye hitima. Sheikh mmoja mwenye koti la baridi juu ya kanzu alikuwa akiomba kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili na kina mama chumba cha pili wasikie: Mungu amjaalie marehemu kaburi lenye upana, alitie nuru. Watu wakaitikia amin. Mimi kaburi nilikuwa nimeliona kwenye televisheni tu, jiwe na majani, kaburi la Wazungu. Nikajua sasa kwamba la kwetu ni tofauti. Ni mahali papana, pana mwanga mwingi, na wanawake hawafiki. Nikaridhika. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu tena.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hajipaki wanja, hajifukizi udi, amevaa dera moja lililopauka. Shangazi ndiye aliyekuwa mguu wetu wa nje. Alitoka Barking, alikokaa, kila siku baada ya zamu yake ya kutunza wazee, akanichukua shuleni, akatuletea maziwa na mchele, akabishana na watu wa kaunsili kwenye simu. Siku moja walikaa yeye na Mama wakakunja nguo zote za Baba zitolewe sadaka. Shati, suruali, hata koti la kazi. Shangazi alipoinama kuchukua viatu, Mama akasema, "Hivyo viache."

"Wifi, mtu anaweza kuvivaa. Baridi hii."

"Nimesema viache, Zuwena."

Mama hakuwa na kawaida ya kumwita wifi yake kwa jina kavu hivyo. Shangazi akaviacha. Mama akawa anafagia kuvizunguka.

Mwezi mmoja na kidogo baadaye shule ikatupeleka kwenye jumba la sanaa, upande wa pili wa mto. Mama alitia saini karatasi ya ruhusa bila kuisoma. Darasa zima tulipanga mstari wawili wawili tumeshikana mikono, na Miss, mwalimu wetu, akatuhesabu kila kona. Tukapita kwenye picha kubwa ambazo sikuzielewa wala hazikunielewa, tukafika mwisho wa ukumbi penye mlango mweupe usio na kitasa. Kando yake kulikuwa na rafu ndefu ya mbao, imejaa viatu.

Nilisimama. Msichana aliyevaa nguo nyeusi tupu, mlinzi wa pale, akatuambia kwa sauti ya chini tuvue viatu, tusipige kelele, tusikimbie, na mtu akijiona amepotea asimame alipo, yeye atamfuata. Wenzangu wakacheka kwa soksi zao zilizotoboka. Mimi nilikuwa naangalia rafu. Buti za wanawake, raba, viatu vya ngozi vya wanaume. Vimetupwa hovyo, hakuna aliyevigeuza.

Tukaingia.

Sijui fundi wa chumba kile alifanyaje. Sasa nikisoma naambiwa ni mashine za ukungu na taa zilizofichwa nyuma ya kitambaa, na kuta zilizokunjwa zisiwe na pembe. Wakati ule nilichokiona ni weupe. Mbele weupe, juu weupe, chini huoni hata magoti yako. Hapakuwa na baridi wala joto. Chumba hakikuwa na mwisho. Sauti za watoto zilififia na kubaki mbali, na katika ukungu mtu akikukaribia hutokea kwanza kama kivuli, halafu bega, halafu uso usioujua, kisha anapotea tena. Nilitembea mikono mbele. Nikafikiri: papana. Na nuru. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba huku wanawake hawafiki, pengine kwa sababu nilikuwa mdogo.

Na hapo nikamwona mwanamume mrefu, mgongo umeinama kidogo, amesimama ananipa kisogo. Baba alikuwa na kisogo kile. Sikumwita. Niliangalia chini, kwenye mwanya mdogo wa ukungu, nikaona soksi za kijivu. Halafu ukungu ukamfunika.

Nitasema jambo ambalo watu wazima hawanielewi nikiwaeleza. Sikushtuka, na wala sikufurahi. Nilifahamu tu, vile unavyofahamu jibu la hesabu. Baba yuko hapa. Hawezi kutoka kwa sababu kila anayetoka lazima avae viatu vyake pale rafuni, na vyake viko Edmonton. Nje mvua inanyesha, kutoka mtoni mpaka kwetu ni mbali, atarudije na soksi? Wanaume wazima wote wale walimleta huku na hakuna hata mmoja aliyefikiria viatu. Hapo nilihisi kitu, nakumbuka. Niliwakasirikia.

Tulipokuwa tunavaa viatu Miss akasema tuna bahati, maana chumba kile kitakuwepo wiki mbili tu zaidi, kisha kitavunjwa. Wiki mbili. Nikaanza kumng'ang'ania Shangazi siku hiyo hiyo kwenye basi.

"Jumamosi nipeleke tena."

"Kwenye nini?"

"Kuna chumba cheupe. Miss kasema turudi na wazee wetu." Uongo ulinitoka kwa Kiingereza. Kiswahili nilikuwa nakisikia chote lakini kukijibu nilikuwa mvivu, na kudanganya kwa Kiingereza kulikuwa kwepesi zaidi.

"Ni pesa?"

"Bure."

"Bure!" akasema Shangazi. "Basi twende tukaone cha bure cha Wazungu."

Jumamosi, Mama akiwa kwenye msala, nilitia viatu vya Baba kwenye mfuko wa supamaketi na mfuko nikautia kwenye begi langu la shule. Vilikuwa vizito kuliko nilivyodhani. Treni nzima nilikaa na begi mapajani, na harufu ya dawa ya viatu ilinifikia kila begi lilipobonyea. Nilikuwa na hofu Shangazi ataisikia. Yeye alikuwa akilalamika juu ya bosi wake.

Pale mlangoni Shangazi alivua buti zake kwa manung'uniko. "Mkoba wangu siuachi, nimekwambia mapema. Ala! Na hawa wote wamevua viatu, kwani ni msikiti?" Yule msichana wa nguo nyeusi akatabasamu bila kuelewa. Shangazi alipogeuka kutafuta pa kutundika koti, nikatoa viatu vya Baba, nikaviweka rafu ya chini, ukingoni, ambako mtu mrefu akiinama ataviona kwanza. Nikavigeuza vidole vielekee nje. Nikakunja mfuko nikautia mfukoni.

Ndani Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. "Tumepanda treni kuja kuona moshi," akanong'ona. "Astaghfirullahi. Huu si moshi tu huu?" Tukatembea. Baada ya hatua chache mkono wake ukaniachia, na katika ukungu nikamsikia analia, si kilio cha msibani cha kusikiwa na watu, bali kile cha mtu anayedhani yuko peke yake. Alimwita kaka yake kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo. Nikasimama nilipo, kama tulivyoambiwa. Nilifikiri, na yeye kamwona. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Alipotokea tena alikuwa anafuta macho kwa mtandio. "Moshi wao unawasha," akasema. Tukavaa viatu. Nikamwomba tukae kidogo kwenye benchi, nikakaa naangalia rafu. Wanaume wakatoka, wakavaa vyao, wakaenda. Hakuna aliyegusa vya Baba. Shangazi akasema tutakosa treni.

Sikuvunjika moyo. Baba hakuwa mtu wa haraka. Jumapili nilikaa dirishani nikiangalia watu wanaoteremka basi. Jumatatu pia.

Jumanne Mama alikuwa anafagia. Nilisikia ufagio ukisimama. Akaangalia nyuma ya mlango, akafungua kabati, akatoka mpaka kwenye ngazi, hatua ambayo hakuwa amepiga tangu aingie eda, akarudi haraka na kufunga. Kisha akanyanyua simu.

"Zuwena, viatu viko wapi?"

Sikusikia jibu, nilisikia sauti nyembamba tu inapanda kwenye waya.

"Usiniapie. Nani mwingine anayeingia humu? Wewe ndiye uliyevitaka tangu siku ile. Kila kitu nimekupa ugawe, kila kitu! Kitu kimoja nilikwambia uniachie, kimoja, Zuwena!"

Akakata. Akakaa chini pale pale koridoni, mgongo kwenye ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari langu la hesabu. Ningeweza kusema wakati ule. Lakini nilifikiri Baba akifika kesho na viatu mguuni mambo yatajieleza yenyewe.

Kesho yake Shangazi hakuja kunichukua shuleni. Nilikaa ofisini kwa karani mpaka jirani yetu wa ghorofa ya tano akanifuata. Keshokutwa pia hakuja. Maziwa yakaisha, Mama akanipikia uji wa maji. Jirani akaleta mkate, akauliza ndugu zenu wako wapi, Mama akasema wako kazini. Simu ililia mara mbili na Mama akaiangalia mpaka ikanyamaza. Nyumba haikuwa na mtu wa kugeuziwa viatu.

Siku ya nne nilimfuata jikoni. Alikuwa anachekecha unga wa mwisho. Nikamwambia kwa Kiswahili, kibovu, nikitafuta maneno, kwa sababu jambo lenyewe niliona halisemeki kwa ile lugha niliyodanganyia. Nikamwambia si Shangazi, ni mimi. Nimevipeleka kwa Baba. Nikamweleza rafu, mlango, nuru, soksi za kijivu. Nikamwambia Baba hawezi kurudi pekupeku, mvua hii.

Nilingoja kofi. Mama aliweka chekecheo chini. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko.

"Kulikuwaje huko ndani?" akauliza.

"Papana. Peupe. Hakuna baridi."

"Hakuna baridi?"

"Hakuna."

Kisha akauliza, "Na viatu uliviwekaje?"

"Nimevielekeza nje."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akapangusa mikono, akaenda kumpigia Shangazi. Sikusikia alichomwambia, alikuwa ananong'ona na kutoa kamasi. Jioni ile Shangazi alikuja na mifuko miwili ya vyakula, akavua buti, na mimi nikatoka nikazigeuza. Hakunitania. Alinibusu utosini akaingia jikoni kwa wifi yake, wakafunga mlango.

Hakuna aliyeniambia nimekosea. Labda walidhani nitaelewa mwenyewe. Labda kila mmoja alidhani mwenzake ameniambia. Nilizidi kukaa dirishani, siku hadi siku, wiki zikapita, na mimi sihisi kitu ila ubaridi wa kioo kwenye paji la uso.

Eda ilipokwisha, Shangazi alimwogesha Mama, akamfukiza, akamtia wanja na nguo mpya. Kina mama walitaka atoke kwanza kwenda kwa watu wazima kuwaamkia, kama desturi. Mama akasema atakwenda kesho; leo ana safari. Tukapanda treni watatu. Mama alikuwa anafinya macho kwa mwanga wa nje, na alishika kiti kila treni ilipopinda.

Mlango mweupe haukuwepo. Rafu haikuwepo. Palikuwa na chumba cha kawaida chenye pembe nne, na picha za bakuli na matunda. Nikazunguka nikigusa ukuta. Shangazi akamweleza mlinzi mmoja kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba tumesahau viatu hapa, miezi iliyopita, vya mwanamume, vyeusi. Akatupeleka kaunta ya chini, akaingia chumba cha ndani, akatoka na boksi. Miavuli, glavu za mtoto, kitabu, na chini kabisa, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, viatu vya Baba.

Harufu ilikuwa bado ipo. Kisigino cha kulia kimelika upande.

"Ndivyo hivi?" akauliza yule mlinzi.

Shangazi alifungua mdomo. Mama akamwekea mkono kifuani, taratibu, akamzuia. Akavichukua viatu, akafungua zile kamba, akaviweka juu ya kaunta sambamba, akavigeuza vidole vielekee mlango mkubwa wa kutokea. Akavishika hivyo kidogo, mikono yote miwili, kama Baba alivyokuwa akivishika akimaliza kuvisugua. Kisha akaviachia.

"No," Mama akamwambia mlinzi. "Si vyetu."

Akanishika mkono tukaondoka. Nilikuwa najua ni vyake, Shangazi anajua, Mama anajua kuliko sisi sote. Na kwa kuwa Mama mwenyewe ameviacha, na Mama hakuwa mtu wa kuacha viatu vya mtu anayetarajiwa nyumbani, nikafahamu. Tulikuwa tumefika kwenye ngazi za nje, watu wanapanda na kushuka, na hapo ndipo nilipomlilia baba yangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka Shangazi akakaa chini kwenye ngazi na mtandio wake mzuri akanipakata mbele ya London nzima.